Mbwa wa Breki Hapiti Kona Ile

Benchi letu lipo nje ya geti la bustani, kati ya kibanda cha kinyozi na cherehani yangu. Aliyelitengeneza hakuwa na haya: miguu mitatu ni mirefu, mmoja mfupi, nasi tumeuwekea tofali. Kila asubuhi Shangazi, muuza kahawa wetu, hutua hapo birika lake, na sisi tunaanza kuendesha dunia. Wembe ndiye kinyozi, mtu ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu anyonye. Ibara alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na minne. Hakuwahi kuhukumu hata kuku, lakini akikuomba sukari utadhani anasoma hukumu. Breki ni dereva mstaafu wa malori marefu, amefiwa na mkewe, na siku hizi haonekani bila mbwa wake, jike la rangi ya majivu aitwaye Tela. Mimi huitwa Uzi kwa sababu ya kazi yangu ya ushonaji, ingawa wapo wanaosema ni kwa sababu ya miguu yangu. Ndani ya geti kuna njia ya kutembea inayozunguka bustani nzima, mita mia nane za saruji. Haina kilima wala ngazi, na vikongwe wenye fimbo huimaliza huku wakisimuliana. Mtu pekee aliyeshindwa kuimaliza ni Breki, na kosa, kwa maneno yake mwenyewe, ni la mbwa.

Jumamosi hiyo Breki alitokea amevaa suruali ya pasi na viatu vimeng'aa. Tela alikuwa amepigwa brashi mpaka anapendeza kuliko mwenyewe.

Wembe: Mzee, leo unaoa nini?

Breki: Binti yangu anakuja. Saa tatu.

Shangazi: Yule nesi? Si jambo la heri hilo, kaka?

Breki: Heri gani! Amesema leo tunatembea wote mzunguko mzima. Tela akimaliza, anabaki na mimi. Akigoma pale konani kama kawaida yake, anapakiwa garini, anapelekwa kwa mjomba mtu, yule mwenye ghala. Atafungwa mnyororo getini, alinde magunia.

Mimi: Kwani mbwa amemkosea nini?

Breki: Anasema mbwa mbishi ni hatari kwa mtu wa umri wangu. Siku moja atanivuta nivunjike. Nimemwambia, mama, nyumba ile tupo wawili tu, mimi na Tela. Akasema, ndiyo maana naogopa.

Aliposema "wawili tu" alijifanya anakohoa. Nilimwonea huruma, sifichi. Mtu aliyevusha tela za tani thelathini milimani, leo anahangaishwa na kona ya bustani.

Ibara aliangalia saa yake.

Ibara: Saa mbili na dakika kumi. Muda upo. Kikao kimefunguliwa. Breki, kaa katikati, funga mdomo.

Hapa nieleze, maana mgeni atashangaa. Benchi letu lina sheria moja. Mwenye shida hukaa katikati na hasemi neno mpaka kila mmoja wetu atoe maoni na kikombe kimalize zamu. Ibara ndiye aliyetuletea sheria hiyo. Anasema mwenye kesi akiongea mapema huharibu ushahidi. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumejadili kona ile, na kila mara kahawa iliisha kabla zamu haijamfikia Breki. Hakulalamika hata siku moja. Mimi nilidhani ni adabu.

Ibara: Nataja yanayojulikana. Moja: mlalamikiwa, yaani Tela, huingia getini akiwa mzima. Mbili: tunawaona yeye na Breki mpaka pale ua wa miti unapowaficha. Tatu: baada ya dakika chache wanarudi kwa njia ile ile, na Breki anatangaza kwamba mbwa amegoma. Nne: walipojaribu kuanzia upande wa pili walizunguka karibu bustani yote, wakafika kona ile ile kwa nyuma, wakarudi. Kwa hiyo tatizo ni kona. Nani anaanza?

Wembe: Mimi, na nikimaliza wengine mnaweza kwenda nyumbani. Chini ya kona ile panapita waya mkubwa wa umeme. Mbwa ana makucha. Makucha yanaugusa umeme kupitia saruji. Sisi hatuhisi kwa sababu tuna viatu.

Mimi: Na paka? Paka wanaingia bustanini kila siku.

Wembe: Paka anaruka. Hebu mtazame paka vizuri. Muda mwingi yupo hewani.

Mimi: Na kunguru wanaotembea pale?

Wembe: Kunguru ana mguu mkavu. Uzi, wewe shona.

Shangazi alikuwa ananimiminia kikombe. Yeye huwa hatoi maoni mpaka birika lifike nusu, lakini siku hiyo aliona hali ni mbaya.

Shangazi: Si umeme. Ni rangi. Mnakumbuka walipokarabati? Upande huu saruji ni ya kijivu, na nimesikia upande wa pili waliweka nyekundu. Mbwa hapendi nyekundu. Mimi nikivaa kanga yangu nyekundu, Tela ananipita mbali.

Ibara: Shangazi, Tela anakupita mbali kwa sababu ulimmwagia maji ya moto.

Shangazi: Niliyamwaga nikiwa nimevaa nini?

Ibara akasogeza kikombe chake aongezewe. Breki alitulia katikati yetu, kamba ya mbwa ameizungusha mara mbili mkononi. Tela alilala juu ya viatu vyake vilivyong'aa.

Ibara: Sasa nisikilizeni mimi, mtu wa sheria. Mbwa wana mipaka yao, na wanaiheshimu kuliko sisi. Pale konani unaishia mtaa wa Tela. Ng'ambo yake ni mtaa wa mbwa mwingine.

Mimi: Mbwa gani? Hakuna mbwa mwingine bustani ile.

Ibara: Hayupo sasa. Huenda alikufa zamani. Lakini haki yake haijafutwa. Hakuna aliyekwenda kuifuta.

Wembe: Yaani Tela anasimama kwa heshima ya marehemu?

Ibara: Anasimama kwa kufuata utaratibu. Kuna watu humu hawajui neno hilo.

Wembe hakupenda kuitwa "humu". Alirusha taulo lake begani, akasimama katikati ya njia ili tumwone wote.

Wembe: Basi niwaambie nilichokuwa nakificha. Tela si mbwa wa kawaida. Tazameni anavyokaa. Tazameni sikio moja limelala, moja limesimama. Huyo alifunzwa kunusa. Mbwa wa mpakani huyo! Wakifika penye kitu kilichofichwa hawabweki, wanakaa kimya. Pale konani, chini, pamefukiwa kitu.

Shangazi: Kitu gani?

Wembe: Kikubwa.

Ibara: Miezi mitatu mbwa anatoa taarifa, sisi tunakunywa kahawa!

Wembe: Ndicho ninachosema!

Mimi: Breki alimwokota Tela chini ya lori lake, akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Mpakani alifanya kazi lini?

Wembe: Kipaji, Uzi. Kipaji hakingoji ajira.

Saa mbili na nusu ilipita. Ndipo tukaacha sababu tukaingia kwenye tiba, na hapo ndipo akili zilipochemka kweli. Mimi nilipendekeza abebwe. Ibara alikataa, alisema binti alitamka "atembee", na kubeba si kutembea. Shangazi alipendekeza afungwe kitambaa machoni. Wembe akaja na dawa yake.

Wembe: Aende kinyumenyume.

Mimi: Nani?

Wembe: Tela. Mbwa akifika konani akiwa amegeuka nyuma, yeye anajua anatoka, kumbe anaingia. Mpaka agundue, ameshapita.

Ibara: Mbwa anatembeaje kinyumenyume mita mia nane?

Wembe: Si zote. Hatua kumi tu za kona. Njoo nikuonyeshe. Shika kamba.

Na mimi kwa macho yangu haya nikaona mtu mzima, kinyozi mwenye kibanda, ameshika ncha ya mkanda wangu wa kupimia nguo kama kamba ya mbwa, anarudi nyuma kwa madaha, huku karani mstaafu akimvuta na kumwambia "taratibu, taratibu, mtuhumiwa". Shangazi alicheka mpaka akaweka birika chini. Hata Breki alitabasamu. Tela aliinua kichwa, akawatazama, akakirudisha viatuni.

Wakiwa katika hali hiyo tukasikia sauti ya mwanamke.

— Shikamooni, wazee.

Wembe aliuachia mkanda kama umeshika moto. Nyuma yetu alisimama binti wa Breki. Hakuwahi kufika kwenye benchi letu. Tulimjua kwa picha iliyo kwenye simu ya baba yake. Alivaa viatu vya chini vya kazi na saa ya nesi kifuani, na uso ulikuwa wa Breki mtupu, ule wa mtu anayesoma barabara.

Sote: Marahaba, mama.

Binti: Nimewahi kidogo. Mnafanya nini?

Ibara: Tunamsaidia baba yako kuhusu suala la mbwa. Tumefika mbali. Kuna umeme, kuna rangi, kuna mipaka, kuna kilichofukiwa. Sasa tupo kwenye utekelezaji.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akachuchumaa mbele ya Tela, akamkuna chini ya shingo.

Binti: Wakifika pale konani, nani husimama kwanza? Mbwa au baba?

Wembe alifungua mdomo. Ibara aliinua kidole. Shangazi alishika birika.

Binti: Nauliza tu. Kati yenu ni nani amewahi kwenda naye?

Nami nikahesabu kichwani. Kibanda cha Wembe kipo pale miaka tisa. Cherehani yangu miaka kumi na mmoja. Kutoka benchi mpaka kona ni hatua mia mbili, labda na kumi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzitembea. Rangi ya saruji ya upande wa pili tuliisikia kwa watu.

Binti: Baba?

Ibara: Samahani, mama, yeye hasemi kabla ya zamu. Ndiyo sheria ya...

Binti: Baba, nakuuliza wewe.

Breki aliifungua kamba mkononi, akaizungusha tena. Nilidhani atasema lile la kila siku. Alichokisema hatukukitegemea.

Breki: Ni mimi.

Wembe: Ni wewe nini, mzee?

Breki: Ninayesimama ni mimi. Tela anakaa kwa kuwa mimi nimesimama. Wakati wa mvua niliteleza pale. Nilianguka chali, nyonga ikakataa. Nikaita, hakuna aliyesikia. Nililala pale nadhani robo saa nzima. Huyu mbwa alinilalia ubavuni, hakuondoka. Mwishowe nilimshika shingo, akajikaza, nikainuka. Toka siku hiyo nikiiona kona ile miguu inakufa. Naendesha mpaka pale, halafu basi.

Binti: Na mimi ukaniambia mbwa ni mbishi.

Breki: Ningekwambia nimeanguka, ungenihamisha kwako.

Binti: Ningekuhamisha, ndiyo.

Breki: Basi nikamsingizia mnyama. Yeye hawezi kujitetea. Lakini hawezi kufungwa mnyororo kwa kosa langu. Nikifikiria hilo tangu jana silali. Kama ni kuhamishwa, nihamishwe mimi. Tela hana kosa.

Aliposema hivyo aliinuka katikati ya benchi, mahali pa mwenye shida, akasimama wima. Nilimheshimu sana wakati ule, kuliko miaka yote aliyokuwa akitusimulia milima aliyoshuka bila breki. Na niliona aibu. Robo saa mtu analala chini, hatua mia mbili kutoka tulipokaa, na sisi tulikuwa hapa hapa na vikombe mkononi, bila shaka tunabishana kuhusu mwezi.

Binti hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja, halafu akamgeukia baba yake.

Binti: Sikuhamishi kwa nguvu, baba. Nataka nijue kitu kimoja tu. Ukianguka tena, nani atakuwa karibu?

Mwulize Ibara mipaka ya mbwa waliokufa, atakujibu. Mwulize Wembe kwa nini kunguru hashikwi na umeme, atakujibu na kukuongezea. Swali hili lilizunguka benchi zima likarudi lilikotoka. Ibara alipangusa miwani ambayo ilikuwa safi. Mimi nilitazama kikombe changu; kahawa ilikuwa imebaki nusu, na sikuitaka.

Wembe ndiye aliyeinuka. Alifunga mlango wa kibanda na kutia ufunguo mfukoni, asubuhi ya Jumamosi, wakati wateja ndio wanakuja.

Wembe: Twendeni. Njia yenyewe tambarare. Mimi naimaliza nimefumba macho.

Shangazi alifunika birika kwa kanga yake nyekundu, akalisukuma chini ya benchi. Tukaingia getini wote: Breki na Tela mbele, binti pembeni yake, sisi nyuma tumejipanga bila mpango.

Kona ile, jamani, haina kitu. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilitaka kucheka. Kuna bomba la maji linalovuja kidogo, kuna ua wa miti, na saruji ni ya kijivu pande zote. Sehemu ndogo imelowa. Breki alipofika hapo alisimama, na Tela akakaa papo hapo, kama alivyosema. Shingo ya mzee ilitoka jasho. Hakuna aliyemsukuma. Ibara alivua koti lake, akalitandika juu ya pale palipolowa, koti lake la mahakamani ambalo haliruhusiwi kuguswa hata na mvua.

Ibara: Pita, bwana. Hakuna pingamizi.

Breki alivuta pumzi, akaweka mguu juu ya koti, kisha wa pili. Tela akainuka, kamba ikalegea, wakapita. Hivyo tu. Shangazi alipiga kigelegele mpaka wale vikongwe wenye fimbo wakageuka. Mimi macho yalinilowa, nikasingizia vumbi.

Breki alianza kutembea kwa fujo, kifua mbele, akituonyesha upande wa pili wa bustani kana kwamba ameununua. Tulikuwa tumeshapita nusu ya mzunguko pale Tela alipokaa tena. Katikati ya njia, pakavu, pasipo na kona.

Breki: Si mimi! Jamani, safari hii si mimi! Miguu yangu inakwenda!

Alimvuta taratibu, mbwa hakusogea. Alimbembeleza, wapi. Nilimwangalia binti. Uso wake ulikuwa umefungwa tena, na moyo wangu ulishuka mpaka viatuni. Maana hapo hatukuwa na umeme wala kitu kilichofukiwa cha kusingizia.

Binti: Anatazama nini?

Tukageuka. Tela alikuwa hatazami mbele. Alikuwa anatazama nyuma yetu, sikio moja juu. Huko nyuma, mbali kabisa, Wembe alikuwa ameshika nguzo ya taa kwa mikono miwili. Taulo lilikuwa kichwani. Kutoka pale tulisikia anavyohema.

Mimi: Wembe! Umefumba macho?

Aliinua mkono kuomba muda. Tela alimsubiri. Wembe aliachia nguzo, akaja kidogo kidogo, akasimama, akaja tena, na Tela hakumwondolea macho hata nukta moja. Alipotufikia na kuniegemea begani, mbwa aliinuka mwenyewe bila kuambiwa, akajikung'uta, tayari kwa safari.

Binti alimtazama mbwa, akamtazama baba yake, akamtazama kinyozi aliyekuwa na rangi ya sabuni. Kwa mara ya kwanza alicheka, na alipocheka hakuwa Breki tena. Nadhani alikuwa mama yake, kwa jinsi mzee alivyomkodolea macho.

Binti: Mjomba atafute mbwa mwingine.

Breki aliinama, akashika shingo ya Tela, na sisi tukaangalia miti.

Binti: Lakini bado sijajibiwa. Kesho mnatoka saa ngapi?

Hakumwuliza baba yake. Alituuliza sisi. Nilimtazama Ibara, Ibara akamtazama Shangazi, Shangazi akatazama upande wa birika lake. Wembe, ambaye pumzi ilikuwa haijarudi na maneno hayakuwa na njia ya kutoka, alijiinua kutoka begani kwangu, akainua vidole viwili.